Ajrakh hii ni ya mkono kweli? Nataka nguo ya Navratri, niko Ahmedabad

Binti_Garba
Habarini wakuu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Ahmedabad, jimbo la Gujarat, India. Mama mwenye nyumba ninapopanga amenialika nicheze garba, ile ngoma ya kuzunguka duara, na binti zake siku zote tisa za sikukuu ya Kihindu ya Navratri, nami nataka kuvaa kitu cha heshima.

Mwaka jana nilinunua chaniya choli, ile sketi pana na blauzi yake na mtandio, kwa rupia 2,800. Muuzaji aliapa kwamba imechapwa na kudariziwa kwa mkono. Nilipoifua mara ya kwanza nyekundu ilichuja ikaingia kwenye nyeupe yote, na vioo vikaanza kubanduka kimoja kimoja. Kumbe vilibandikwa kwa gundi! Nililia jamani, maana ile hela niliikusanya miezi mitatu.

Sasa nimeona mtandio wa ajrakh, kile kitambaa cha kuchapwa kwa vibao vya mti, nili na nyekundu, rupia 3,200. Nimeurudia dukani mara tatu kuutazama tu. Nitajuaje kama ni wa mkono kabla sijatoa hela?

Bi_Nili
Pole sana mdogo wangu. Mimi nilisomea ubunifu wa vitambaa huko huko Gujarat, na miezi minne niliimalizia kijiji cha Ajrakhpur, karibu na mji wa Bhuj, nikiosha vitambaa na kukoroga rangi. Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyetoka na vidole vya buluu.

Kwanza geuza kitambaa. Ajrakh halisi haipakwi rangi upande mmoja ikaishia hapo. Kitambaa hulowekwa kwenye maji ya unga wa tunda liitwalo harde, kikatoka na umanjano. Halafu fundi anagonga kibao cha mti chenye chokaa na gundi ya mgunga, pale panapotakiwa pabaki peupe. Nyeusi hutokana na chuma chakavu kilichovundikwa siku nyingi na sukari guru (ndiyo gur ya hapo hapo), kisha uji wake ukafanywa mzito kwa unga wa kokwa za ukwaju. Panapotakiwa nyekundu huchapwa shabu, chumvi inayoshikisha rangi. Baada ya hapo kitambaa kizima huzamishwa kwenye pipa la nili, kikaoshwa, kikachemshwa kwenye sufuria la rangi nyekundu.

Nyekundu huioni mpaka kwenye sufuria hilo. Kabla yake kitambaa ni kichafu cha kukatisha tamaa, na siku ya kwanza nilidhani nimewaharibia watu kazi. Halafu maji yakachemka, maua yakaanza kutoka moja moja, nikasimama pale mpaka moshi wa kuni ukanitoa machozi.

Kwa hiyo, kitambaa kilichopita huko hakiwezi kuwa cheupe mgongoni. Ukikuta nyuma peupe, rudisha.

Pili, tafuta makosa. Kibao ni cha ukubwa wa kiganja au zaidi kidogo, na fundi hukipanga kwa jicho. Mahali fulani mistari itapishana kwa upana wa uzi, mahali pengine rangi itakuwa nzito. Mashine nayo hukosea, ila kosa lake linajirudia kwa umbali ule ule mpaka mwisho wa kitambaa. Ukiona ua lenye pembe iliyokatika, pima kwa mkono wako uone kama linarudi.

Tatu, lowesha leso nyeupe uisugue kidogo kwenye pindo. Nili kuacha kivuli cha buluu ni kawaida, huisha baada ya kufuliwa mara kadhaa. Leso ikitoka nyekundu kama damu, hiyo ndiyo iliyokuliza mwaka jana.

Na umuulize muuzaji imetoka kijiji gani. Mafundi hawa, ukoo wa akina Khatri, walikuwa kijiji cha Dhamadka. Baada ya tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 maji ya pale yakazidi madini ya chuma, rangi zikaharibika, sehemu yao wakahama wakaanzisha Ajrakhpur. Watu walihamisha makazi yao kwa ajili ya maji ya kuoshea vitambaa! Muuzaji anayewajua mafundi wake hashindwi kukutajia kijiji. Neno letu chapa lina undugu na chhapai yao, nami kila nikilisema nawakumbuka wale wazee.

Mjomba_Lucknow
Bi Nili amemaliza upande wa chapa. Mimi niko Lucknow, kaskazini mwa India, kwenye tarizi ya mkono iitwayo chikan, kwa hiyo niongeze la tarizi. Binti, pindua blauzi. Kazi ya mkono ina mafundo na nyuzi zinazoruka kutoka ua hadi ua, na hakuna maua mawili yanayolingana kabisa. Ya mashine ni safi mno, tena kwa nyuma ina uzi wa pili mwembamba unaofuatana na mshono wote. Kioo cha kushonwa kimezungukwa na nyuzi pande zote, ukikisukuma kwa ukucha hakitikisiki.

Na dai risiti. Tangu 22 Septemba 2025 nguo iliyoshonwa inayozidi rupia 2,500 hutozwa kodi ya asilimia 18, iliyo chini ya hapo asilimia 5. Kukwepa hiyo kubwa, wengine hununua kitambaa wakampelekea fundi cherehani.

Binti_Garba
Shikamooni wote wawili. Nimetoka huko sasa hivi. Nyuma ni buluu na nyekundu, imefifia kidogo tu. Nimepata ua lenye pembe iliyokatika, nikapima urefu wote, halikurudi tena! Muuzaji amesema Ajrakhpur bila kusita, akanitajia na fundi. Leso imetoka na buluu hafifu. Nimeununua.

Ila blauzi yangu ni nyeupe, na garba ni jasho tupu. Itapona?

Bi_Nili
Marahaba mwanangu, na hongera. Haitapona. Leo usiku ufue mtandio peke yake kwa maji baridi na sabuni laini, uanike kivulini, kesho urudie tena. Hata hivyo siku za mwanzo vaa blauzi ya nili au nyekundu iliyoiva. Hiyo nyeupe iweke mpaka maji ya kufulia yatoke meupe.