Hilux ya kila siku, Uyole hadi Matamba: tairi, springi, kinga ya chini. Nianze na kipi?

Mama Pembejeo, Uyole

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wenye pikapu zinazofanya kazi kweli, hasa mnaotembea nyanda za juu huku kusini.

Nina Hilux Vigo ya milango minne, dizeli 3.0, fowili. Ndiyo gari pekee nyumbani. Asubuhi inapeleka watoto shule mjini Mbeya, inarudi dukani Uyole, mchana ni benki na sokoni Mwanjelwa. Mwisho wa wiki inakwenda Chimala na kupanda mlima hadi Matamba ikiwa na mbegu, mbolea na dawa za dukani. Mara nyingine napitia Isyonje kwenda upande wa Kitulo. Nikipanda mzigo ni kama kilo mia tatu, nikishuka na viazi ni mia tano hadi mia sita. Siku nyingine zote iko tupu.

Hali yake sasa hivi: tairi ni 265/65R17 za lami na zimeanza kuwa vipara. Shokapu za nyuma zinavuja. Springi za nyuma zimelala, nikipakia viazi pua inatazama juu na taa zinawapiga machoni wanaokuja. Chini ya injini kuna kibati chembamba cha kiwandani, kimekunjika kwa mawe ya kule kwenye kona.

Vijana wa gereji wamenipigia hesabu ya kupandisha gari inchi nne, tairi kubwa za matope, ngao ya chuma mbele, winchi, na bamba la chuma chini kuanzia bampa hadi tenki. Mimi nina milioni nne na nusu kwa sasa, nyingine ni baada ya mavuno. Nataka gari lipande Matamba mwezi wa pili mvua ikiwa kali, lishuke na mzigo salama, na Jumatatu liwapeleke watoto shule bila kuwarusha. Kipi kianze, kipi kisubiri, kipi niache kabisa?

Fundi wa Sae

Dada, pole na kazi. Umefanya vizuri kutaja kilo, maana springi huchaguliwa kwa kilo, na wateja wengi wanakuja wakiwa na picha ya gari la mtu tu kwenye simu.

Hela ya kwanza kabisa isinunue kitu kipya. Fundi alale chini ya gari na tochi, aguse boli joint zote, bushi za mikono ya mbele, tai rodi, mipira ya sivi joint (viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele), bushi na shako (vishikio) za springi za nyuma. Gari la umri huo likiwa na bushi zilizokufa, utafunga shokapu za bei mbaya na bado litagonga na kuvuta upande mmoja.

Sasa springi. Za nyuma zinazotengenezwa kwa ajili ya magari ya porini huuzwa kwa madaraja: ya gari tupu au mzigo mdogo, ya mzigo wa kudumu wa kilo mia tatu hivi, ya mia tano. Huo mzigo wa kudumu ni ule unaokaa juu ya gari siku zote, kama bodi ya vifaa au tangi la maji. Viazi vya mwisho wa wiki havimo. Ukifunga za mia tano utashuka Matamba kwa raha, lakini siku nyingine zote gari tupu litakaa juu ya chuma kigumu. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi tairi za nyuma zinaruka badala ya kushika ardhi, na kwenye kona mkia unahama. Hapo ndipo watu wanapopinduka na gari lisilo na mzigo, wakashangaa imekuwaje.

Kwa kazi yako ningefunga daraja la kati, lenye jani (bapa la chuma la springi) nene la chini ambalo halifanyi kazi mpaka mzigo uingie. Gari likiwa tupu, majani ya juu yanacheza yenyewe. Ukipakia viazi, yanashuka na kulikuta lile nene. Ukikosa seti ya namna hiyo, mafundi wazuri wa springi wanaweza kukupangia majani, ila wasichome wala kutoboa jani la juu lenye macho. Na yu-bolti, zile zinazobana springi kwenye ekseli, ziwe mpya, zikazwe tena baada ya kutembea kidogo, maana seti mpya huwa inajilaza.

Shokapu zinunuliwe pamoja na springi, zinazoendana nazo, nne zote. Kazi ya shokapu ni kuzima mdundo wa springi, na mdundo huo unageuka joto ndani ya mafuta yake. Kwenye mawimbi marefu mafuta yakichemka yanatoa povu, na kuanzia hapo unaendesha gari lisilo na shokapu. Zenye mwili mnene na gesi ndani zinavumilia joto zaidi.

Inchi nne usikubali. Mbele ya Vigo kila gurudumu lina mikono yake, na sivi joint zinapenda kukaa karibu na usawa. Sentimita nne hadi tano kwenda juu zinavumilika. Ukizidi hapo joint zinafanya kazi zimepinda, mipira inachanika, na alaimenti inagoma kurudi kwenye vipimo mpaka ununue mikono mingine ya juu. Na wewe unashuka kona zile na zaidi ya nusu tani nyuma. Kuinua uzito wote huo ni kujitafutia kulala ubavu.

Kingine ambacho vijana hawakukwambia: kuinua springi hakuinui difu ya nyuma, lile boksi la gia katikati ya ekseli, hata milimita moja. Difu imo kwenye ekseli, na ekseli inainuliwa na tairi tu. Tairi yako ya sasa ina kimo cha milimita 776 hivi. Ukienda 265/70R17 ni 803. Nusu ya tofauti hiyo ndiyo inaingia chini ya difu, milimita 13. Ni kidogo lakini ni ya kweli, na mara nyingi inaingia bila kukata kitu. Jaribuni kwanza moja mbele, usukani ukatwe mpaka mwisho pande zote mbili, ndipo mlipie. Spidomita itasoma pungufu kwa asilimia tatu na kitu: ikionyesha 80, kwa hesabu uko karibu 83. Kumbuka hilo pale Igurusi na Chimala kwenye vibao vya 50, tochi za trafiki hazisomi spidomita yako.

Kijana wa Makete

Kamwene mama. Fundi kasema vizuri, mimi niongezee kwenye tairi tu maana njia hiyo naipita na Hilux ya bosi.

Tairi za matope zenye meno makubwa usichukue. Wewe sehemu kubwa ya wiki uko kwenye lami, na kwenye lami yenye mvua zinateleza kuliko unavyodhani, kwa sababu raba inayogusa barabara ni chache. Ule mteremko wa Inyala, malori mbele na nyuma, breki ya ghafla, hapo hutaki tairi ya kuteleza. Zinalia pia, na zinaisha haraka. Chukua zile za njia zote, A/T, ila zenye ukuta mgumu wa mzigo, zile zilizoandikwa LT. Kule juu tairi haifi kwa kuchakaa meno, inafia ubavuni, jiwe linachana ukuta.

Kama hela inabana na unafikiria mtumba, soma ile namba ya DOT ubavuni. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Raba ya zamani inakuwa ngumu hata kama meno yamejaa, na kwa baridi ya huku juu mwezi wa sita na wa saba, asubuhi yenye sakitu, raba ngumu haishiki kitu. Mimi ningenunua nne mpya na kuacha mapambo yote. Kumbuka na la akiba. Likiwa la kimo kingine, siku ya pancha ukiwa kwenye fowili gia zinavutana.

Halafu upepo, mama. Hiki ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote na wengi hawakifanyi. Nunua geji yako na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri. Ukiwa na mzigo kwenye lami usishuke chini ya kibati cha mlangoni kinavyosema; kibati hicho ni cha tairi za kiwandani, na za LT zinataka upepo zaidi ya hapo kwa mzigo ule ule. Ukifika Chimala kabla ya kupanda, kama umebeba kidogo, shusha hadi psi 28 hivi: tairi inalala juu ya mawe badala ya kupigana nayo, na watu ndani wanapumzika. Ukikwama kwenye utelezi shusha hadi 20, toka polepole, usikate kona kwa nguvu. Kabla ya kurudi kwenye mwendo, jaza tena, bila kukosa. Tairi laini yenye mzigo kwenye mwendo wa 80 inachemka na kupasuka.

Kushuka na viazi weka gia ndogo ya fowili tangu juu, uiache injini ishike gari. Kona ni zaidi ya hamsini, ukizishuka kwa breki peke yake utafika chini zinanuka.

Mbao Mufindi

Naheshimu wote mliosema, ila mimi natetea ngao na winchi. Huku kwenye mashamba ya miti udongo mwekundu ukinyeshewa hakuna A/T wala nini, unasimama hapo mpaka trekta lije, na trekta siku hiyo liko kwingine. Winchi imenitoa sehemu ambazo ningelala na chui. Mwanamke peke yake na gari lenye mzigo porini, winchi kwake ni usalama.

Fundi wa Sae

Mbao Mufindi, kwa njia zako uko sahihi kabisa. Lakini tuangalie uzito. Ngao ya chuma na winchi yenye waya vinaweza kukaribia kilo mia moja, na zote zinakaa mbele ya ekseli ya mbele. Springi za mbele nazo zinabidi zibadilike, breki zinafanya kazi zaidi, na kilo hizo zinatolewa kwenye zile ambazo gari linaruhusiwa kubeba. Yeye anauza kwa kilo, kila kilo ya chuma ni viazi vilivyobaki Matamba. Na gari lenye mifuko ya hewa haliwekewi ngao yoyote tu ya kuchomelea, maana sehemu ya mbele imeundwa ijikunje kwa namna yake na vihisio vinategemea hilo. Ana watoto ndani kila asubuhi.

Bamba la chini ndilo nakubali, ila siyo hadi kwenye tenki. Chuma cha milimita moja, mita moja ya mraba, ni karibu kilo nane. Cha milimita tatu ni karibu ishirini na nne. Piga hesabu ya sakafu nzima uone. Kinachotakiwa kulindwa ni rejeta kwa chini, sampo (bakuli la oili ya injini) na difu ya mbele, basi, na la gia boksi likifuata baadaye. Milimita tatu za chuma zinatosha kwa mawe ya huko. Liwe la kufunga kwa bolti kwenye matundu ya chasi yaliyopo, siyo kuchomelea. Chasi ikichomwa ovyo inadhoofika pembeni ya weldi na inaanza kuoza hapo hapo. Liwe na tundu la kumwagia oili, na nafasi za hewa kutoka. Na kila ukishuka lifunguliwe lioshwe: udongo wa kule unajaa juu ya bamba, unashika maji na unaficha oili inayovuja. Kiangazi zinaingia nyasi kavu, na zikikaa karibu na ekzosi zinashika moto.

Hilo la kukwama peke yake lina uzito, silipuuzi. Badala ya winchi anunue ndoano mbili za kuvutia zilizothibitishwa kwa uzito, zifungwe kwenye chasi. Zile pete nyembamba za mbele ambazo magari mengi huja nazo ni za kufungia gari melini, ukivutia nazo zinang'oka na kuruka kama risasi. Aongeze kamba ya kuvutia ya nailoni, koleo, na vibao viwili vya kuweka chini ya tairi. Vyote havifiki kilo thelathini.

Mama Pembejeo, Uyole

Asanteni sana, nimeandika yote kwenye daftari la duka. Kwa hiyo naelewa hivi: bushi na boli joint, halafu tairi tano za 265/70R17 A/T, halafu springi za kati na shokapu nne. Bamba la chini la kufunga kwa bolti baada ya mavuno, ngao na winchi naacha. Mbao Mufindi, kamba na vibao nitanunua wiki hii hii, umenigusa.

Swali moja, Fundi. Nyuma karibu na difu kuna fimbo nyembamba iliyoshikana na kitu cha breki kwenye chasi. Vijana walisema haina kazi, ikisumbua wataikata.

Fundi wa Sae

Wasiiguse, dada! Hiyo ni ya valvu ya breki za nyuma. Gari likibeba mzigo chasi inashuka kuelekea ekseli, fimbo inainuka, na valvu inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Ukiinua nyuma kwa springi mpya bila kuirekebisha, valvu itaona gari tupu hata ukiwa umejaza viazi, breki za nyuma zitapunguzwa, na za mbele zitabeba kazi yote kwenye mteremko wa Chimala. Kibano chake cha kwenye ekseli kiinuliwe kiasi kile kile springi zilichoinua.

Ili mjue kiasi hicho, kabla hawajafungua bolti hata moja pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, gari likiwa tupu. Wakimaliza pima tena, na mara ya tatu ukiwa na mzigo. Alaimenti ifanyike siku hiyo hiyo, na taa zishushwe ukutani viazi vikiwa nyuma. Niletee vipimo hapa, nitakwambia kama seti waliyokufungia ndiyo.