Mtoto mwenye usonji: darasa la kawaida au kitengo maalumu?

Mama, Umoja: Wenzangu, mtoto mwenye usonji (autism) asome katika darasa la kawaida, au katika kitengo maalumu kama kile cha Shule ya Msingi ya City pale Ngara? Binti yangu yuko Gredi ya 2 katika darasa la kawaida. Kinachomshinda si hesabu wala kusoma, bali kengele, kile kipande cha reli kinachogongwa karibu na dirisha lao. Kila kinapolia huziba masikio na kujikunyata chini ya dawati, na mwalimu wake husema ni utundu.

Mwalimu, Kasarani: Pole, mama, lakini hilo neno la mwisho limenichoma. Ninafundisha watoto zaidi ya sitini chini ya paa la mabati, na mvua ikinyesha hata sauti yangu mwenyewe siisikii. Taasisi ya elimu maalumu, KISE, iliyoanzishwa 1986, ipo hapa hapa Kasarani. Ni walimu wangapi tumewahi kulipiwa karo tukasome huko? Isitoshe, wazazi wengine huficha hali ya mtoto wanapomwandikisha, kisha hutulaumu kwa kutoitambua.

Baba, Kayole: Tunaficha? Mimi nilieleza kila kitu nikiwa na barua ya daktari mkononi, nikaambiwa nafasi zimejaa, ilhali mtoto wa jirani alipokelewa siku iyo hiyo. Kama nakumbuka vyema, Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizojumuishwa katika jamii, kwa kadiri inavyolingana na maslahi yake. Mzazi anayeficha amefundishwa kuficha na milango ya namna hiyo.

Mama, Dagoretti: Baba, uchungu wako ninaujua, lakini Katiba peke yake haitamtoa mtoto chini ya dawati. Kuumizwa na sauti, mwanga au mguso si kudeka: tangu 2013, mwongozo ambao madaktari wa akili wa Marekani hutumia kutambua usonji unalihesabu jambo hilo miongoni mwa dalili zake. Shuleni kwa mwanangu, kiranja hupita mlangoni na kumwonyesha kadi nyekundu kabla ya kengele kugongwa, na ratiba ya siku imechorwa kwa picha juu ya dawati lake. Bado hulia siku za gwaride, kwa sababu siku hizo ratiba hubadilika bila yeye kuambiwa, na hapo ndipo mimi na mwalimu mkuu hatujaelewana.

Mwalimu, Kasarani: Kadi na picha ninaweza kuzitengeneza mwenyewe, bila kungoja wizara. Bado ninashikilia kwamba darasa la watoto sitini halimfai mtoto wa namna hii. Lakini mama wa Umoja, umewahi kuomba ahamishiwe dawati la upande wa pili, mbali na dirisha?