Fundi wa "kabati za usalama" kaharibu sarafu zangu, kisha kaionyesha nyumba yangu kwa wezi

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Kuna fundi wa vioo na aluminiamu hapa Tanga anayejinadi mtandaoni kwamba anajenga kabati za kuonyeshea vitu vya thamani nyumbani bila hofu ya kuibiwa. Nilimpa kazi. Kabati lake linakula sarafu kwa ndani, mlango wake unafunguka kwa bisibisi, na juu ya hayo kaichukua nyumba yangu video akairusha kwa kila mwenye simu.

Niwaeleze kwanza kilichokuwa mle. Msingi wa mkusanyiko ni sarafu za marehemu baba, ile seti ya kwanza ya Tanzania ya mwaka 1966: senti 5 ya pembe 12 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, na shilingi yenye mkono ulioshika Mwenge, zote na sura ya Mwalimu upande wa pili. Nyingine nimeongeza mimi, taratibu, kwa mshahara. Pesa ya shaba ya Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, yenye mizani, ya mwaka 1299 Hijria, yaani 1882. Pesa za kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Rupia. Shilingi za simba za miaka ya 1920 na senti 10 za tundu. Na iliyokuwa roho ya mkusanyiko wote, heller 20 (sarafu ndogo ya Wajerumani) ya 1916 yenye herufi T, iliyopigwa Tabora kwenye karakana ya reli wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipozibiwa bahari na sarafu kutoka kwao hazifiki tena. Ukiishika unaiona haraka ya vita: chapa imekaa kombo, sehemu nyingine haikutoka vizuri. Ndiyo maana nilitaka ionekane. Watoto wa mtaani kwetu wanasoma vita hiyo shuleni, na wakija sebuleni kwangu nataka waione kwa macho yao.

Sasa video. Alipomaliza kufunga kabati aliomba apige picha za kazi yake. Nikamwambia piga kabati tupu, nikalisema wazi mbele ya kijana wake. Nikaenda kuswali alasiri. Video inaanzia getini, kibao cha anwani ya makazi kinasomeka, jina la mtaa na namba. Inapita koridoni, inaingia sebuleni, inaonyesha dirisha la uani ambalo halina nondo, inaishia kwenye kabati na sarafu moja moja kwa karibu. Chini kaandika: "Rupia za Mjerumani, mteja wetu Tanga." Mnajua nchi hii ilivyojaa uvumi wa mali za Mjerumani, watu wanachimba chini ya miti na kulipa waganga. Siku hizi geti langu linagongwa na watu nisiowajua wanaulizia rupia. Mmoja alikuja usiku, mke wangu hajalala vizuri tangu hapo.

Na ili zing'ae kwenye video, yule kijana alizisugua kwa dawa ya kung'arishia shaba. Hapa ndipo nashindwa hata kuandika. Heller ya Tabora ilikuwa na rangi ya kahawia iliyojijenga kwa zaidi ya miaka mia moja, sasa inang'aa kama bomba jipya la jikoni. Dawa ile ina unga wa kukwangua, inaondoka na uso wa metali. Mkusanyaji yeyote akiitazama anajua imesuguliwa, thamani inaanguka, na hakuna fundi wala dawa ya kuirudisha rangi ile. Sarafu ya zamani haisuguliwi. Inashikwa kwa ukingo, basi.

Kabati lenyewe. Tulikubaliana kwa maandishi, karatasi ninayo. Rafu za kioo: kaweka MDF, ule ubao wa unga wa mbao na gundi, akaifunika kitambaa cha sufu. Ubao huo unatoa mvuke wenye asidi, na sufu ina salfa inayoyafanya madini ya fedha yawe meusi. Kisha ukifungua mlango unanusa siki. Hiyo ni silikoni ya bei rahisi, ile ambayo ikikauka inatoa asidi ya siki, na ndani ya kabati lililofungwa mvuke huo hauna pa kwenda ila kwenye shaba. Ongeza joto la Tanga, unyevu wake na hewa yenye chumvi. Pesa ya Barghash imeshaanza madoa ya kijani pembeni. Alinipa hata vifuko vya plastiki laini vya kuwekea sarafu, akaviita zawadi. Vilikuwa vya PVC, ambayo ikikaa na sarafu inaiachia utelezi wa kijani. Vile nilivitupa mbele yake, na nikamweleza kwa nini. Kwa hiyo hawezi kusema hakujua kwamba vitu hivi vinadhuru.

Kioo tuliandikiana cha tabaka mbili chenye plastiki katikati, ambacho hata kikipigwa nyundo kinapasuka lakini kinabaki kimeshikana, mwizi anahangaika na kelele zinatoka. Kaweka kioo cha kawaida cha milimita 4. Bawaba skrubu zake ziko nje, mwizi hahitaji hata kuvunja. Kufuli ni vile vidogo vya droo. Funguo ya droo ya ofisini kwangu imelifungua. Na halikufungwa ukutani kwa bolti, watu wawili wanalibeba na kila kilichomo.

Nilipompigia akanijibu, "Mzee, weka kamera tu, siku hizi kila kitu intaneti." Huko Manching, Ujerumani, Novemba 2022, wezi walianza kwa kukata nyaya za mawasiliano za mji, kisha wakaingia makumbusho na kutoka na sarafu za dhahabu za Waselti, watu wa kale wa Ulaya, zaidi ya 450 kwa muda wa kama dakika 9. King'ora hakikumfikia mtu. Makumbusho yenye bajeti yake, mimi nitegemee kamera ya bando? Kamera inakuja baada ya kioo, kufuli na bolti. Na kabla ya hivyo vyote kuna kunyamaza, kitu ambacho yeye kakivunja kwa ajili ya wateja wapya.

Kuhusu kuifuta, kasema video imempatia oda, atafikiria.

Najua kuna watakaosema ungeziweka benki. Sikubali. Mtu ana haki ya kuweka historia ya nchi yake ukutani kwake, na anayepokea hela kwa kazi hiyo ana wajibu wa kuilinda siri ya nyumba aliyoingia. Sarafu zote zimeshaondolewa nyumbani, wanaozunguka geti wasijisumbue. Kila moja ina picha za pande zote mbili na uzito wake umeandikwa, kwa hiyo ikionekana sokoni itatambulika.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tume yake inapokea malalamiko. Anwani yangu na picha za ndani ya nyumba yangu kuziweka hadharani baada ya kukatazwa, nitalipeleka huko pamoja na ile karatasi na nakala ya video. Sijataja jina lake hapa, na naomba anayemjua asilitaje. Namtaka aifute kila alipoiweka na arudishe gharama yote ya kabati. Fidia ya heller tutaizungumza mbele ya watu wengine.

Na kama kuna mtu Tanga, Dar au Mombasa aliyejengewa na fundi anayejua kioo cha tabaka, fremu ya metali iliyopakwa rangi ya kuchomwa, na silikoni isiyonuka siki, aniletee namba inbox. Awe fundi asiyepiga picha. Kabati bado nalitaka.