Nina uzamili wa hisabati: je, naweza kuomba uzamivu wa elimu ya hisabati?

Mwalimu wa Shangani, Mtwara

Walimu wenzangu, habari za kazi, na shikamooni kwa wanaostahili. Ninafundisha hisabati katika sekondari ya serikali hapa Mtwara, na huu ni mwaka wangu wa 11 kazini. Shahada yangu ya kwanza ni ya sayansi na ualimu, lakini ya uzamili ni ya hisabati yenyewe. Tasnifu yangu ilikuwa ya nadharia ya namba, wala hamna mwanafunzi hata mmoja ndani yake. Sasa ninataka kusoma uzamivu katika elimu ya hisabati.

Mwaka jana niliomba katika chuo kimoja, nikalipa ada ya maombi na kuambatisha andiko la kurasa 9 lenye kichwa "Sababu za wanafunzi wa sekondari mkoani Mtwara kufeli hisabati". Baada ya miezi 7 nilijibiwa kwa sentensi moja kwamba hakupatikana msimamizi. Naomba kueleweshwa: je, kilichoniangusha ni uzamili wangu au ni andiko? Tena, je, mtu mwenye familia na mikorosho Newala afikirie kwenda nje, au atafute nafasi hapa hapa nchini?

Binti wa Mikindani, kwa sasa Lindi

Mwalimu, pole kwa kusubiri. Jibu ulilopewa lilikuwa fupi mno, lakini ndani yake mna taarifa ya maana. Uzamivu wa tasnifu tupu, kama unavyofanyika Uingereza na katika vyuo vyetu vingi, hauanzii darasani, unaanzia kwa mtu: andiko likifika idarani na asipatikane mhadhiri anayeona kuwa swali lako limo katika eneo lake, maombi hukwama hata kama alama zako zinang'aa. Kwa hiyo mtafute msimamizi kabla ya kulipa ada, usome makala zake mbili au tatu, kisha umwandikie barua pepe fupi yenye swali lako katika aya moja. Barua inayosema tu "naomba nafasi ya uzamivu" haijibiwi, na mimi sishangai.

Uzamili wako si kizuizi, ila una pengo ambalo ni lazima ulikiri mwenyewe kabla hujaulizwa. Katika nadharia ya namba, mfano mmoja pinzani unaliangusha dai zima. Katika elimu ya hisabati, mwanafunzi mmoja anayekwenda kinyume na wenzake haliangushi dai, na pengine ndiye anayelifanya listahili kuchunguzwa. Watakaokusaili watataka kujua kama unaweza kufanya mahojiano, kukaa nyuma ya darasa ukiandika unachokiona badala ya unachokitarajia, na kuyachambua maneno ya watu kwa uangalifu ule ule unaouweka katika uthibitisho. Kwa mtu wa aina yako mfumo wa Marekani una nafuu, kwa kuwa miaka ya mwanzo ni ya masomo ya darasani, zikiwamo mbinu za utafiti. Michigan State University, kwa mfano, wana programu ya uzamivu ya elimu ya hisabati inayojitegemea. Norway ni habari nyingine: kule mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida huajiriwa na kulipwa mshahara, na nafasi hutangazwa kama kazi. Chuo Kikuu cha Agder ni kimoja cha kufuatilia.

Sasa nije kwenye andiko, ambako naona ndiko tatizo lilipo. "Sababu za kufeli" ni malalamiko yetu sote katika ofisi ya walimu; bado halijawa swali la utafiti. Nikuoneshe ninachomaanisha. Nilipokuwa nafundisha kidato cha pili, niliandika ubaoni kwa Kiingereza: tafuta namba iliyo pungufu ya x kwa 5. Katika Kiingereza cha swali lile, 5 inatajwa kwanza, x inafuata. Binti mmoja akaandika 5 − x. Sikumsahihisha, nilimwomba anieleze kwa Kiswahili anatafuta nini, akasema, "Ni x, halafu unaipunguza tano," na kabla hajamaliza kusema alikuwa amekwisha kufuta na kuandika x − 5. Kwa hesabu yangu lile kosa halikuwa la hisabati: alikuwa amefuata mpangilio wa maneno ya lugha ya tatu, kwa maana nyumbani kwao walisema Kimakonde. Hilo ni swali mtu anaweza kulishika mkononi, na lina ukoo: Jill Adler wa Afrika Kusini amelifanyia kazi kwa miaka mingi suala la mwalimu anayehama kutoka lugha moja kwenda nyingine katikati ya somo la hisabati.

Iwapo lugha haikuvutii, vuka Ruvuma kwa mawazo. Paulus Gerdes, aliyefariki mwaka 2014, alitumia maisha yake nchini Msumbiji kuonesha jiometri iliyomo katika ususi wa vikapu na mikeka. Wanaosuka ukindu wamejaa pande zetu pia, na ni ajabu kwamba tunawafundisha watoto wao ulinganifu kwa kuchora vipepeo.

Mstaafu wa Nachingwea

Nitasema machache kuhusu makaratasi, maana ndiyo yaliyonichelewesha mimi. Wewe ni mtumishi wa umma, basi ombi la ruhusa ya masomo lianze kwa mkuu wako wa shule na lifike kwa Mkurugenzi mapema, usisubiri barua ya chuo ndipo ukimbizane. Ukisoma nje, fahamu kwamba shahada yako itapaswa kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Kuingia katika shule kukusanya data nako kunataka kibali kinachopitia ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa.

Kuhusu mahali, kuna njia ya kati. Chuo Kikuu Huria kina vituo Mtwara na Lindi, nawe unaweza kusoma uzamivu wa elimu bila kuihama mikorosho yako. Nchini Rwanda, katika kampasi ya Rukara, kulianzishwa kituo cha umahiri cha ufundishaji wa hisabati na sayansi kupitia mradi wa Benki ya Dunia, na Watanzania wamesoma uzamivu pale. Uliza habari za ufadhili kabla hujafunga safari.

Mwalimu wa Shangani, Mtwara

Nawashukuru sana, dada na mzee wangu. Usiku wa jana nilifungua madaftari ya kidato cha pili, nikayakuta makosa kama lile la 5 − x katika madaftari 14 kati ya 43. Miaka yote hii nimekuwa nikiyapiga mkasi na kupita. Nimeandika upya kichwa hivi: "Athari za mpangilio wa maneno ya Kiingereza katika uundaji wa semi za aljebra miongoni mwa wanafunzi wa kidato cha pili katika shule mbili za Mtwara". Je, kinafaa kumpelekea msimamizi?

Binti wa Mikindani, kwa sasa Lindi

Kinafaa, Mwalimu, isipokuwa ondoa neno "athari". Kwa shule mbili na madaftari hutaweza kuthibitisha kwamba hiki ndicho kilichosababisha kile, na msimamizi makini ataanza kukubana hapo hapo. Andika "namna wanafunzi wanavyosoma", halafu uambatishe picha za kurasa mbili au tatu za yale madaftari, majina yakiwa yamefunikwa.