Naomba ushauri: sabuni ya asili ya kumwogeshea mbwa

Wakuu, habari za jioni. Nina mbwa wa kienyeji, ana miezi 8, viroboto wamemchosha. Nilikuwa namwogesha kwa sabuni ya mche, ngozi ikakauka, akawa anajikuna hadi manyoya ya mgongoni yakanyonyoka. Juzi nikachemsha majani ya mwarobaini, nikachuja (harufu yake, mama watoto kanifukuza jikoni), nikachanganya na sabuni ya maji ya watoto na kijiko kimoja cha mafuta ya nazi. Mafuta yanaelea tu juu. Nakosea wapi? Jirani anasema niongeze alovera, ila ule utomvu wa njano mbwa akiulamba si ataharisha? Aliyewahi kutengeneza anipe vipimo. Na inakaa siku ngapi bila kuchacha? Friji sina.