Ndoa ya kupangiwa na mfalme usomjua: Radiance, The Bridge Kingdom ama The Wrath and the Dawn?

BintiKibokoni
Asalaam aleikum jamani, na wasio Waislamu hamjambo. Nataka ushauri wa haraka. Nina kama wiki mbili za kupumua kabla harusi ya mdogo wangu haijaanza, na mwajua harusi zetu, ikishaanza kesha na kupamba na wageni wa kutoka Lamu hata simu sitaishika. Nataka riwaya moja ya fantasia yenye bi harusi anaozwa kwa mtu asomjua. Nimepewa tatu: Radiance ya Grace Draven, The Bridge Kingdom ya Danielle L. Jensen, na The Wrath and the Dawn ya Renée Ahdieh. Nianze na gani? Masharti yangu mawili tu, sitaki msichana alazimishwe halafu niambiwe eti hayo ndo mapenzi, na sitaki kitabu cha kunikatiza pale utamu umefika kooni.

msomaji_wa_feri
Waleikum salaam dadangu. Radiance, usifikirie mara mbili.

Bwana ni Brishen, mwana wa mfalme lakini si mrithi, wa kabila la Kai, watu wenye ngozi ya kijivu, meno kama ya papa, kucha ndefu, macho yang'aa manjano na maisha yao ni usiku. Bibi ni Ildiko, binadamu kama sisi, mpwa wa mfalme wa upande wa pili. Wanaozwa sababu ya mkataba wa falme mbili, hawa wawili si muhimu sana kwao, ni kama wamewekwa rehani. Sasa sikiza, wanakutana bustanini kabla ya ndoa bila kujuana ni nani, wanaongea vizuri tu, halafu wakija kugundua wanaambiana ukweli usoni: wewe mbaya. Na yeye amjibu, na wewe pia, tena macho yako yanavyozunguka humo ndani yanantisha. Wanacheka. Nlikuwa kwenye feri narudi Likoni, nkacheka mpaka mama mmoja mwenye kikapu cha samaki akaniangalia nkaona haya.

Raha yake ni kwamba hakuna anayemdanganya mwenziwe. Maadui wako nje ya chumba, hasa mama mkwe, subhanallah, mama mkwe huyo mwombe Mungu usimpate. Mapenzi yamepikwa kwa makaa si kwa gesi, yanachukua muda. Ila nikuonye, mwishoni kuna mateso na damu, si mchezo, na za chumbani zipo pia. Kinaendelea kitabu cha pili lakini hiki kimefunga vizuri tu.

kaka_kisauni
Naona aibu kidogo kuandika hapa sababu nikisema nasoma hizi maboyz wanantania ati vitabu vya kina dada. Wacha wacheke. Mimi nasikiliza kwa masikio kwenye matatu kila asubuhi, jam ya daraja la Nyali imenimalizia riwaya nne mwaka huu.

Kwangu ni The Bridge Kingdom. Lara amelelewa jangwani na dada zake wa baba mmoja, wamefunzwa miaka 15 kupigana na kupeleleza, sababu kuna mkataba kwamba mmoja wao ataolewa na Aren mfalme wa Ithicana. Anaenda kama bi harusi lakini kazi yake ni kuvunja ufalme wa mumewe kutoka ndani. Na huo ufalme ni nini? Ni visiwa vyenye dhoruba mwaka mzima karibu, na daraja moja refu juu ya bahari ambalo biashara ya mabara mawili inapita humo. Mtu wa Mombasa haitaji kuelezwa zaidi, sisi tunajua vile mwenye lango la bahari anavyoliliwa na kila mtu, Fort Jesus iko pale wameishika Wareno wakanyang'anywa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu, kwa nini? Si bandari! Kwa hiyo ile siasa ya kodi na njaa upande wa kina Lara mimi iliniingia kuliko hata mapenzi yenyewe.

Lakini sharti lako la pili limegonga mwamba hapo, inakukatiza vibaya sana. Utake usitake utatafuta The Traitor Queen usiku huo huo.

MamaWawili
Mimi ntasema lisilopendeza. Hizi riwaya zote zinanipa shida na nazisoma hivyo hivyo (msiniulize). Mtoto wa watu anapelekwa kwa mtu kama gunia la mchele, kisha kwa sababu mwanamume ana mabega mapana na machozi ya siri tunasahau alivyofika pale. Hata huyo Lara, babake ndiye amemfanya silaha.

Na The Wrath and the Dawn ndio nliitupa katikati. Khalid, ndiye mfalme wa humo, anaoa kila usiku na asubuhi mke ananyongwa kwa kamba ya hariri. Najua, najua, kuna sababu inakuja mbele, mtaniambia soma umalize. Lakini wale wasichana walionyongwa wana mama zao. Nina binti wa miaka 16, sikuweza.

Shoga_Tudor
@MamaWawili nakuelewa kabisa ila kwenye hiyo tuwe wa haki, Shahrzad, bi harusi wa humo, hakupelekwa, alijitolea mwenyewe. Rafikiye wa karibu ndo aliuawa, akaenda kuolewa ili alipize. Ni ile stori ya Alfu Lela Ulela tunayoijua tangu madrasa, mke anasimulia usiku anakatiza alfajiri ili asife, sasa hapa imepewa hasira. Ni ya vijana kwa hivyo chumbani si moto sana, lugha imepambwa mno, kila pazia na kila tunda lina sifa tatu. Wengine wanapenda, mimi nlichoka kidogo. Ni vitabu viwili, cha kwanza hakifungi hadithi.

Nawapa vile mimi nazipima hizi tatu: uliza bi harusi ameingia na nini ndani ya ile nyumba. Ildiko ameingia na ukweli. Lara ameingia na sumu. Shahrzad ameingia na kisasi. Ukijua siku hiyo moyo wako unataka gani umeshachagua.

Lakini kuna kitu kinanikera zote tatu, hivi SOMO, yule mama wa kumfunda bi harusi, yuko wapi? Kwetu hata ndoa ikipangwa na wazee kuna mshenga, kuna mashangazi wanachunguza mpaka ukoo wa nyanya, siku ya nikaha wali, yaani msimamizi wako, anakuja kukuuliza umeridhia ama la, na usiku wake kuna mama mtu mzima amekaa na wewe amekwambia kila kitu bila kupepesa jicho. Mwana Kupona alikuwa mgonjwa kitandani mwaka 1858 na bado alimtungia bintiye utendi mzima wa kukaa na mume. (Mengine mle siku hizi tunabishana nayo, sawa, lakini mama ALISEMA.) Hawa wa riwaya wanatupwa kwa jini peke yao, hakuna hata wa kumsinga liwa.

kaka_kisauni
Shahrzad ana yule Despina, kijakazi wake mwenye mdomo.

Shoga_Tudor
Despina ni shoga, si somo. Tofauti ni kubwa yakhe, uliza mkeo.

MamaWawili
😂 Hapo kwa wali umenena. Nafikiri ndio kinachonikera, hakuna anayewauliza. Brishen angalau anamuuliza, nakumbuka, hamsogelei mpaka amejua yuataka. Basi Radiance naiondoa kwenye lawama zangu. Nusu.

msomaji_wa_feri
Nusu tunaichukua.

BintiKibokoni
Jamani ahsanteni. @MamaWawili maneno yako nimeyaweka, nimemsomea hata mdogo wangu, yeye yake imepitia mshenga na aliulizwa mara tatu, akajibu ya tatu kwa sababu ya kwanza na ya pili alikuwa anajizuia kulia make up isiharibike.

Nimeanza Radiance jana usiku. Nimefika karamu ya harusi yao, pale Brishen anawekewa KIAZI mbele yake na kwao kiazi ni kitu cha kutisha kama funza, na inabidi akile watu wamuone asiaibishe ukweni. Mimi nimeketi barazani na viazi karai vya shilingi hamsini na ukwaju wake mkononi. Nimekiangalia kile kiazi. Kimeniangalia.

msomaji_wa_feri
Ngoja ufike kwa pai ya kwao. Zamu ya Ildiko. Usiwe unakula.