Nawezaje kuunganisha mafunzo yangu ya kazini na kazi halisi za wanafunzi?

Mwalimu wa Fizikia (aliyeuliza)

Walimu wenzangu, salamu. Nafundisha fizikia sekondari, na kwa miaka kadhaa nimehudhuria semina na warsha nyingi, za ana kwa ana na za mtandaoni, ambazo zote zilisisitiza kwamba mwanafunzi apewe kazi zinazogusa maisha badala ya maswali ya kukariri. Vyeti ninavyo. Hata hivyo, nikiingia darasani narudi kwenye ubao na mazoezi ya mwisho wa sura, kwa sababu muhtasari wa somo ni mrefu, mtihani hausubiri, na hakuna mwezeshaji aliyenionyesha kazi kama hiyo inavyoenea ndani ya kipindi cha dakika 40. Naomba kuuliza: ni mafunzo ya namna gani hubadilisha kweli ufundishaji, na ni kazi ipi naweza kuanza nayo bila kuutupa muhtasari?

Mkufunzi wa Walimu

Mwalimu, naona maswali yako yana jibu moja. Warsha humpa mwalimu wazo, kisha humwacha peke yake mahali pagumu zaidi, yaani mbele ya wanafunzi. Watafiti wa Marekani Bruce Joyce na Beverly Showers walilieleza jambo hili tangu miaka ya 1980: nadharia na maonyesho haviingii darasani kwa urahisi mpaka mwalimu apate mazoezi, mrejesho na mwenzake wa kumsindikiza. Walimu wa Japani wana utaratibu wa muda mrefu wa kutafiti somo kwa pamoja, ambapo kikundi huandaa andalio moja la somo, mmoja hulifundisha, na wengine hukaa darasani kuwatazama wanafunzi wanavyofikiri, si kumkagua mwalimu. Ukimpata mwenzako mmoja tu aliye tayari kuingia katika kipindi chako na kuandika maneno ambayo wanafunzi wanaambizana, umepata mafunzo ambayo cheti hakiwezi kukupa.

Kuhusu kazi ya kuanzia, tafuta bomba linalovuja shuleni. Wanafunzi wakinge matone kwa silinda ya kupimia huku mmoja akishika saa, warudie mara kadhaa, kisha watafute wastani. Wakipata mililita 20 kwa dakika, watakokotoa kwamba kwa siku nzima zinapotea lita 28.8, na hapo ndipo fizikia inapoanza. Atatokea mmoja aseme kwamba usiku, watumiaji wakipungua, kanieneo, yaani msukumo wa maji, katika mabomba huongezeka, kwa hiyo kipimo cha mchana hakiwezi kuzidishwa hivihivi kwa saa 24. Hoja hiyo ina vipimo, makosa ya upimaji, kanieneo na ubadilishaji wa vizio, ambavyo vyote vimo katika muhtasari wako. Matokeo wayaandike katika barua kwa mkuu wa shule, kwa kuwa ndiye mwenye uwezo wa kuamuru bomba litengenezwe.

Mwalimu wa Hisabati

Nakubaliana na mengi, ila naomba tusizidishe. Mwanafunzi ambaye hajui kubadili mililita kuwa lita hatajifunza jambo hilo kwa kusimama karibu na bomba. Utafiti wa John Sweller wa Australia kuhusu mzigo wa fikra, yaani wingi wa mambo ambayo akili hulazimika kuyashughulikia kwa wakati mmoja, umeonyesha kwamba anayeanza mada hunufaika zaidi na mifano iliyokokotolewa hatua kwa hatua kuliko kuachwa atafute njia mwenyewe. Mimi hufundisha ubaoni kwanza, bila kuona haya, kisha natoa kazi halisi mada inapokaribia kwisha. Muda unaotumika ni vipindi viwili au vitatu, si muhula.

Mwalimu wa Lugha

Naongeza jambo dogo kuhusu msomaji wa ile barua. Mwaka 1924 mwalimu Célestin Freinet aliingiza mashine ya kuchapia katika darasa lake kusini mwa Ufaransa, na maandishi ya watoto yakachapwa na kubadilishanwa na shule nyingine. Kazi inayosomwa na mwalimu pekee, tena kwa kalamu nyekundu, hukoma siku inaposahihishwa, ilhali mwanafunzi anayejua kwamba kuna mtu atakayeisoma kwa sababu anahitaji habari zilizomo husahihisha mwenyewe kabla hajaambiwa.

Mwalimu wa Fizikia (aliyeuliza)

Nawashukuru. Limebaki moja linalonitatiza: kazi ya kikundi naitoleaje alama, wakati wawili hufanya na wanne huandika majina?

Mkufunzi wa Walimu

Barua ipewe alama ya kikundi iliyo ndogo. Alama kubwa itokane na swali ambalo kila mmoja atalijibu peke yake, akiwa na takwimu tofauti kidogo na zile za kikundi chake, na aeleze pia ni kipimo gani anakitilia shaka na kwa nini. Aliyeandika jina tu atakokotoa pengine, lakini kwenye hilo la shaka hatakuwa na la kusema. Majibu hayo usiyasahihishe peke yako. Kaa na mwenzako aliyeingia katika kipindi, myasome machache kwa pamoja, mkiwa na yale maneno aliyoyaandika, kisha mwamue ni sehemu gani ya somo ifundishwe upya.